Gauni la Mwinjuma

Mafiga, Morogoro
4 Juni 2023

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mguu umepungua maumivu, na yule jogoo wako mkorofi ameshaingia chunguni. Mimi huku sijambo. Baridi imeanza, asubuhi tukiamka mlima hatuuoni kabisa, nakuwaza huko juu umejifunika vitenge vitatu.

Ndizi ulizompa Stambuli, yule dereva wa gari la Kinole, zimefika. Chausiku alizipokea pale gengeni kwake, akachukua chana moja, eti ushuru wa kunitunzia. Nimemwachia. Nakuandikia kwa sababu simu huiwezi, Mama. Nikikupigia unasema "haya, sawa, sawa," halafu unakata kabla sijafika kwenye shida yangu.

Shida yenyewe ni hii. Uliwahi kuniuliza Jumapili zangu zinaishia wapi, nikajibu nashona. Kweli nashona, ila sikukueleza nini. Tuko kikundi, tunashona nguo za watu wa zamani, kisha tunazivaa wenyewe. Hatuuzi. Mwenzangu Faraja ni muuguzi, ameshona sare ya wauguzi wa enzi za mama yake, na kikofia chake kakitia wanga wa muhogo hadi kikasimama. Mwalimu Elia kajishonea kaptula ya karani wa mkoloni, pana hivi kwamba kila mguu ungetosha watu wawili. Jumapili ya mwisho wa mwezi tunavaa, tunatembea hadi stesheni ya reli, tunapiga picha. Mwezi uliopita mama mmoja alitusimamisha kutuuliza tunatangaza sabuni gani. Tuna sheria moja tu: nguo huvaliwa pamoja na mwendo wake. Ukivaa gauni la mama wa zamani ukatembea kama uko mbioni kukwangua vocha, umevaa pazia.

Sasa nataka kushona gauni la Bibi. Ninayo ile picha ya studio ya mwaka 1974, wewe na Bibi mmesimama mmevaa sare, magauni ya kitambaa kimoja, mmenuna kana kwamba mpiga picha amewaibia. Picha haina rangi, na mgongo hauonekani.

Unanikumbuka siku ya msiba wake, Mama? Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mzee Mwinjuma, mtani wetu, alilivaa lile gauni, akatembea kama Bibi, akafoka kama Bibi, akawauliza wafiwa nani kaacha maharage yaungue, mpaka watu waliokuwa wanalia wakacheka. Wote walicheka isipokuwa mimi. Na jioni akaondoka nalo mwilini, kwa kuwa nguo aliyoivaa mtani msibani ni yake. Nilimkimbilia hadi mtoni, ukanirudisha kwa mkono. Tangu siku ile sikupata kitu cha Bibi cha kushika.

Lako bado unalo. Naomba umpe Stambuli aniletee, nilitazame, nilipime, nikurudishie. Nitalitunza kama yai.

Mwanao,
Catherine


Kinole
25 Juni 2023

Mwanangu Catherine,

Marahaba. Milele amina. Mimi ni mzima, mguu ni ule ule, jogoo yupo na ananitazama ninapoandika. Iliki mwaka huu si haba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa.

Gauni langu haliteremki mlima ndani ya gunia la ndizi. Hilo liishe.

La pili ni swali. Mna nguo nzima kabatini, na bado mnakesha kushona za zamani? Sisi tulizivaa kwa kuwa ndizo zilizokuwepo. Hiyo kaptula ya karani, babu yako alipigwa viboko na mtu aliyeivaa. Mwambie huyo mwalimu akipita nayo Kinole, achague njia.

La tatu ndilo kubwa. Kwetu huku, nguo ya mtu huvaliwa na mwenyewe. Akifa huvaliwa na mtani wake, siku ya msiba, kutuvusha. Hakuna mtu wa tatu. Wewe si mtani, wewe ni mtoto wa nyumbani, kazi yako ni kulia. Mwinjuma alifanya lililo lake, na huna sababu ya kumchukia.

Lakini nakujua. Nikikataa utashona la kubahatisha utuaibishe. Basi andika. Rangi yake ni ya ganda la mdalasini lililokauka, maua meupe madogo. Kola ya mviringo. Mikono imevimba begani, inabana juu ya kiwiko. Marinda yanaanzia kiunoni, mapana, yameshindiliwa pasi ya mkaa. Vifungo viko mgongoni, vimefunikwa kitambaa hicho hicho, ndiyo maana kulivaa lazima uwe na mtu wa kukufunga. Mimi nilimfunga mama, mama akanifunga mimi. Siku hizi huja Mwanaheri, mke wa Mwinjuma, kunifunga, kila sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa. Siku nyingine silivai. Kinole nzima wanalijua. Mwinjuma kila Agosti ananizunguka, analipima kwa macho, anasema, "Paskalia, marinda hayo yasichakae, ni mali yangu hayo." Namwambia atangulie yeye.

Usisahau kula.

Mama yako mkubwa,
Paskalia


Mafiga
23 Julai 2023

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo tena na tena. Habari za mguu? Za iliki? Huku salama, ila vidole vyangu vimejaa matundu ya sindano.

Limeisha! Kitambaa nilikihangaikia wiki nzima kwenye mitumba, mwishowe nikakipata kwenye shuka la kitanda kikubwa, rangi ya mdalasini kweli kweli, maua meupe madogo. Nilipiga kelele pale pale, muuza mitumba akapandisha bei. Marinda nimeyafumua na kuyarudia hadi Faraja akatishia kuninyang'anya mkasi. Vifungo nimevifunika kimoja kimoja kwa mkono.

Na mwendo nimeufanyia mazoezi, ule wa nyumba yetu, wako na wa Bibi: mkono wa kushoto umebanwa kiunoni, mwamvuli umefungwa kama fimbo, bega moja linatangulia kana kwamba linakwenda kugombana na mtu. Elia aliponiona alisimama, akasema, "Dada, umezeeka ghafla." Nilifurahi siku nzima.

Jana usiku nimelitundika ukutani. Nimelala nalitazama. Mama, hili hakuna mtu wa kuondoka nalo.

Kupalizwa nimeomba ruhusa dukani, nitakuja huko kusali na wewe. Nina jambo la kukuonyesha. Usiniulize.

Mwanao,
Catherine


Kinole
2 Agosti 2023

Mwanangu,

Marahaba. Njoo. Lete dawa ya kuchua, mguu umezidi. Misa ni saa tatu, usichelewe kama Pasaka. Sikuulizi jambo, maana najua hukuwahi kuweza kuficha kitu.

Mama mkubwa


Mafiga
17 Agosti 2023

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Sijui kama utaipokea. Stambuli nimemwomba aiache dirishani ukikataa kuichukua.

Nisamehe. Niache nieleze, maana juzi hukunipa nafasi, na sikustahili kupewa.

Gari liliharibika njiani, nikachelewa misa. Nilishuka pale barabarani nikaingia kwa mama muuza chai, nikabadilisha nguo chumbani kwake, akanifunga vifungo. Yule ni mgeni, hakujua kitu. Nikafunga safari ya kupanda, na mwendo wetu, na mwamvuli. Nilitaka ukitoka kanisani unione nakuja njiani nimevaa kama wewe, tusimame wawili kwa sare kama kwenye picha. Hilo tu.

Watu walikuwa wanateremka kutoka misa. Mwanamke wa kwanza aliniona akaziba mdomo. Nikadhani amelipenda. Wa pili akaweka kikapu chini akashika kichwa. Nikainamisha shingo kidogo kama wewe unavyosalimia. Mama, niliinamisha shingo! Nikasikia nyuma yangu watu wanakimbia kwa njia ya mkato, nikafikiri wanawahi kukuita uje uone.

Sikujua kwamba siku hiyo hukwenda misa. Hukukosa hata mwaka mmoja, sikuwaza kwamba ungekosa. Hawakukuona kanisani, kisha wakaona gauni lako linapanda mlima na mtu mwingine ndani yake, anatembea kama wewe. Wangefikiri nini kingine? Nilipofika uani kulikuwa na kuni, unga, sufuria, wanawake wamejifunga kanga viunoni wanalia, na wewe umesimama mlangoni na mwiko mkononi.

Uso wako ule sitausahau. Uliniangalia mara moja, ukaingia ndani, ukatia komeo. Nilikaa kizingitini nakuita hadi gari la jioni.

Uliniambia hakuna mtu wa tatu. Nilisoma, nikaona ni maneno ya wazee. Nimekuvalisha msiba ukiwa hai.

Dawa ya kuchua niliiacha chini ya dirisha.

Mwanao, kama bado,
Catherine


Mafiga
10 Septemba 2023

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Stambuli anasema uliichukua barua ukaitia mfukoni bila neno. Chausiku anasema ndizi hazijaja. Najua maana yake.

Gauni nimelikunja nikalitia kwenye mfuko, juu ya kabati. Cherehani nimeifunika. Jumapili ya mwisho wa Agosti wenzangu walikwenda stesheni bila mimi. Faraja alikuja na kikofia chake, akakaa, akaondoka.

Nakuombea mguu.

Catherine


Kinole
15 Oktoba 2023

Mwanangu Catherine,

Tumsifu Yesu Kristo. Ndizi zimo garini, chana moja ni ya Chausiku, usimgombeze. Mimi ni mzima. Nimekaa kimya kwa hasira, nisikudanganye, na hasira ikiisha mtu hubaki anaona aibu kuanza.

Sasa sikiliza na mimi nilivyoiona siku ile. Mguu ulinigomea asubuhi, nikasema Bikira Maria atanielewa. Nilikuwa jikoni nasonga ugali. Nikasikia kilio kinapanda bondeni. Nikajiuliza, jamani, nani huyo kafa siku ya sikukuu? Nikashusha chungu niende nikasaidie. Natokeza mlangoni na mwiko wangu, nakutana na wifi zangu wanagaragara. Mmoja akanitazama, akapiga yowe, akaanguka juu ya mfuko wa unga. Nikauliza, "Mnamlilia nani?" Wananiangalia miguu, kama inagusa chini.

Ndipo ukatokea wewe, na bega langu mbele.

Nikaelewa. Nilitamani nikuchape kwa ule mwiko. Lakini kabla sijanyanyua mkono nilimwona Mwinjuma. Alikuwa amekaa kwenye jiwe la kusagia, kofia mkononi, kichwa chini, analia. Hakuwa anaigiza. Kamasi zinamtoka, na Mwanaheri amemshika kama mtoto.

Catherine, mtani halii. Msibani wote tunaruhusiwa kulia isipokuwa yeye. Akilia yeye, nani atatuvusha? Siku ya mama, mimi mwenyewe nilimchukia kidogo, wewe hukuwa peke yako. Niliwaza, huyu mtu moyo wake wa namna gani, anacheza ndani ya gauni ambalo bado lina jasho la mama yangu. Nimekaa na wazo hilo miaka yote, nikimtukana sokoni na yeye akinitukana, nikadhani tumemaliza. Kumbe siku ile ya mama alikuwa anafanya kazi. Na siku yangu kazi ilimshinda.

Nilijifungia kwa sababu nilikuwa nacheka na kulia vyote pamoja, na sikutaka watu wachague kimoja wakakisimulie. Hukujua, nami sikukuambia, ukaenda zako umevunjika. Hilo ndilo linaloniuma.

Nimeuona msiba wangu, mwanangu. Wangapi hupata? Nimeona nani alileta kuni na nani alileta mdomo. Na jirani wa upande wa pili wa kijito, ambaye hatusemeshani tangu ule mpaka wa shamba, alikuja na debe la unga, tena unga mzuri. Nimempelekea iliki.

Mwinjuma alinyamaza siku nne. Ya tano akaja, akasimama pale nje, akasema, "Paskalia, umenitapeli machozi. Nalidai gauni." Nikajua amepona. Nikamwambia, "Gauni lipi? Lililokuliza si langu, ni la Catherine." Ndipo nikapata wazo, nikamwambia hivi: siku yangu ikifika, utavaa hilo alilolishona mtoto. Limekudanganya wewe, limedanganya kijiji kizima mchana kweupe, kwa hiyo linafaa. Langu nitampa yeye. Alibisha wee, eti hataki la bandia, eti mababu watamcheka. Mwanaheri ndiye aliyemaliza, akamwambia, "Mume wangu, ulilia mbele ya la bandia, la kweli ungefanya nini?"

Basi amekubali. Ila ni mpana siku hizi, kwapani halitamwingia. Nikueleze jambo ambalo picha haikukuonyesha. Mwaka ule kitambaa hakikutosha magauni mawili. Mama alikata langu kwanza, zima. La kwake akaunga kwapani kwa kaniki nyeusi. Ndiyo maana kwenye picha amebana mikono, si kwamba amenuna. Aliibana kila alipolivaa, maisha yake yote, na watu wakasema Anastasia ana maringo.

Mfanyie Mwinjuma hivyo hivyo. Funua cherehani.

Mama yako mkubwa,
Paskalia


Mafiga
26 Novemba 2023

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Milele amina. Habari ya mguu, na habari ya Mzee Mwinjuma na Mama Mwanaheri? Mfikishie mzee shikamoo yangu. Na umwambie kwamba nilimchukia toka nikiwa na miaka kumi na mitatu, na sasa sina tena nafasi ya kufanya hivyo.

Barua yako nimeisoma dukani kwenye magunia ya mbolea, mteja akaniuliza nimefiwa. Nikajibu hapana, ni kinyume chake. Akaenda duka la pili.

Nimelifumua gauni pembeni na kwapani. Kaniki nimeinunua mpya, nikaifua kwanza isichuje. Nilipokuwa nakata vile vipande viwili nilisimama, Mama. Nilimwona Bibi amekaa na kitambaa kilichopunguka, anaamua nani atembee akinyanyua mikono na nani aibane. Nimeishona mishono ile kwa mkono, cherehani sikuigusa. Leo Jumapili nitawaeleza wenzangu stesheni. Elia kaniambia kaptula yake ameiweka kando, anatafuta sasa nguo ya aliyechapwa.

Basi, gauni la Mzee Mwinjuma liko tayari, mabega yanamtosha, kiuno kinamtosha. Limebaki pindo la chini. Nimelishikiza kwa pini tu. Kila jioni naliweka mezani, natunga uzi, kisha naukata. Nikilishona pindo, gauni limeisha. Na gauni likiisha litakuwa linasubiri kitu, na mimi sitaki lisubiri.

Usiniulize litaisha lini. Sitalishona.

Mwanao,
Catherine


Kinole
10 Desemba 2023

Mwanangu Catherine,

Marahaba. Sisi wazima. Mvua zimetushika, njia ni utelezi, lakini gauni langu limeteremka leo. Si kwenye gunia la ndizi. Mwinjuma amelibeba mwenyewe kichwani hadi barabarani, limefungwa ndani ya kanga mbili, akinitukana njia nzima. Stambuli ameapa kuliweka mbele, kwenye kiti.

Litunze. Kila Agosti ulipandishe, nilivae, na wewe ndiye utakayenifunga vifungo. Mwanaheri macho yake hayaoni vizuri tena.

La Mwinjuma liache lilivyo. Ananiuliza kila siku ya soko limefikia wapi. Nimemwambia fundi wake ana kazi nyingi.

Mama yako mkubwa,
Paskalia